Saa 8,760 za Kituo Kimoja

Mwaka una saa 8,760. Wadi ya Adu, moja ya wadi sita za Magarini katika kaunti ya Kilifi, inazo saa hizo hizo sawa na Nairobi, na katika kila mojawapo mtu anaweza kuumwa na nyoka, mtoto anaweza kupandwa na homa ya degedege, mama anaweza kushikwa na uchungu. Tunapozungumzia hali ya wahudumu wa afya, mazungumzo huanzia kwenye mshahara na kuishia kwenye lawama. Mimi naona pa kuanzia ni kwenye saa: kituo cha bara kinachoandikwa kwenye makaratasi kwamba kina wauguzi, wauguzi hao wanatosha saa ngapi kati ya hizo 8,760?

Mtumishi wa umma nchini Kenya anatarajiwa kufanya kazi saa 40 kwa wiki. Kwa wiki 52 anapata saa 2,080. Toa likizo yake ya mwaka, siku 30 za kazi, ambazo ni saa 240. Toa sikukuu za taifa na za dini, tuseme 12, saa 96. Toa siku 10 za kuugua, kufiwa na kuitwa kwenye mafunzo, saa 80. Zinabaki saa 1,664. Gawanya 8,760 kwa 1,664 upate 5.26. Kwa hiyo nafasi moja ya muuguzi, ikitakiwa iwe na mtu usiku na mchana mwaka mzima, inahitaji watu watano na kidogo. Hapo hatujasema kuwe na wawili kwa zamu moja.

Sasa chukua kituo cha mfano chenye wauguzi wawili, mahali popote kati ya wadi ya Marafa na ya Adu. Wawili hao, wakifuata saa za kazi zilizoandikwa kwenye barua zao za ajira, wanatoa saa 3,328 kwa mwaka. Hizo ni asilimia 38 ya mwaka. Saa 5,432 zilizobaki hazina mwenyewe. Kituo kinafungwa saa kumi na moja jioni, au wale wawili wanazibeba.

Wakizibeba, kila mmoja anafanya saa 4,380 kwa mwaka, yaani saa 84 kwa wiki. Kisha ije likizo. Siku 30 za kazi ni wiki sita. Mmoja akienda kwao wiki sita, na mwenzake naye zamu yake ikafika, ni wiki 12 ambazo kituo kina mtu mmoja, karibu robo ya mwaka. Katika wiki hizo anayebaki yuko kazini saa 168, na wiki haina saa nyingine zaidi ya hizo. Akijifungua mmoja wao, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa miezi mitatu, na ni haki yake kamili. Ila sheria hiyo haikuleta mtu wa kukaa mahali pake.

Wapo watakaosema kwamba usiku mwingine haji mgonjwa, na muuguzi hulala kama watu wengine. Ni kweli, na ndiyo sababu kazi hii haionekani kwa jicho la anayekagua daftari la mahudhurio. Lakini anayelala huku akisubiri kugongewa mlango hawezi kwenda Malindi kuwaona watoto wake, hawezi kuzima simu, hawezi kwenda kwenye matanga ya mjomba wake bila kwanza kujiuliza nani atashika funguo za chumba cha uzazi. Akigongewa saa nane usiku na kumaliza saa kumi na moja alfajiri, foleni ya kliniki inamngoja saa mbili asubuhi kama kawaida. Usiku ule haulipwi kwa mapumziko, kwa sababu hakuna wa kumpumzisha.

Mwili nao una hesabu zake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka 2016 pekee. Anayefanya saa hizo, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40, hatari yake ya kiharusi hupanda kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 17. Muuguzi wetu wa saa 84 amevuka mstari huo kwa saa 29.

Akili huchoka kabla ya moyo. Utafiti wa Dawson na Reid, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1997, ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24, ni kama asilimia 0.10. Kiwango hicho cha pili kinazidi kile ambacho dereva wa London akikutwa nacho hufikishwa mahakamani. Na huko Boston, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba madaktari wanagenzi walioachwa kwenye zamu ndefu za saa 24 na zaidi walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi ya wenzao waliopunguziwa saa. Hao walikuwa vijana katika hospitali tajiri, wenye wakubwa wa kuwauliza, maabara iliyo wazi usiku na mfamasia wa kuhakiki dozi. Muuguzi wa bara anapima dozi ya mtoto wa kilo tatu peke yake, kwa mwanga wa tochi ya simu ikiwa umeme umekatika.

Kuna dakika moja ambayo napenda tuisimamie, kwa sababu ndani yake hesabu yote hii inaonekana.

Mama amejifungua. Mwongozo unasema achomwe sindano ya oksitosini, yuniti 10 kwenye msuli, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, ili mfuko wa uzazi ukaze na damu isimwagike. Damu ya baada ya kujifungua inaweza kumuua mwanamke mzima kwa muda usiozidi saa mbili. Wakati huo huo mtoto ametoka hajalia. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua, ambayo wakunga wa Kenya wamekuwa wakipewa kwa miaka mingi, yanaita dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa dakika ya dhahabu: mkaushe, msugue mgongo, na kama bado hapumui, mwekee barakoa umpulizie hewa kwa mfuko kabla dakika haijaisha. Sindano ya mama na pumzi ya mtoto vinadai dakika ile ile. Muuguzi ana mikono miwili na yuko peke yake chumbani. Hata angekuwa amelala kwa saa nane usiku uliopita, hata angekuwa mwanafunzi bora wa chuo chake, atachagua. Uchaguzi huo utabaki naye, hasa ukienda vibaya, na kesho yake kikao kitamuuliza yeye. Hakitaiuliza ile zamu.

Kabla ya dakika hiyo kuna saa nyingi. Mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni husikilizwa kila nusu saa uchungu ukishakolea; kwa uchungu wa saa 12 hiyo ni mara 24. Kila mara anaacha foleni ya nje, ananawa, anasikiliza, anaandika, anarudi. Au haendi, na chati inajazwa baadaye kwa kukisia. Wakaguzi huiita hiyo uzembe. Mimi nimejaribu kupanga mara 24 hizo ndani ya siku moja ya kliniki yenye muuguzi mmoja, na hazikai.

Mzigo huu umeongezeka kwa sababu njema. Kulingana na tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya, mwaka 2008 na 2009 watoto 43 kati ya kila 100 nchini Kenya walizaliwa katika vituo vya afya. Mwaka 2014 wakawa 61. Mwaka 2022 wakawa 82. Uzazi wa bure hospitalini ulitangazwa tarehe 1 Juni 2013, na akina mama wakaitika. Ni ushindi mkubwa, na sioni sababu ya kuupunguzia sifa. Lakini uzazi uliokuwa ukifanyika nyumbani kwa mkunga wa jadi umehamia kwenye chumba kilichokuwa na muuguzi yule yule, na sehemu kubwa ya uzazi huja usiku. Sera ilileta akina mama. Wauguzi hawakuongezwa kwa kasi hiyo.

Mchana una shida yake. Tuseme siku ya kliniki inaleta watu 60. Saa nane za kazi ni dakika 480, kwa hiyo kila mmoja ana dakika nane. Toa kuandika. Mtoto chini ya miaka mitano anaandikwa kwenye rejista ya MOH 204A, aliyezidi umri huo kwenye 204B, mjamzito kwenye 405, aliyejifungua kwenye 333, chanjo kwenye 510, uzazi wa mpango kwenye 512. Mwisho wa mwezi vyote vinajumlishwa kwenye fomu kama ya 705 na ya 711 ili takwimu ziingie kwenye mfumo wa taifa. Ukimpa kila mgonjwa dakika tatu tu za kalamu, ni dakika 180, saa tatu nzima za siku. Zinabaki dakika tano za kumtazama mtu usoni. Uchambuzi wa nchi 67 uliochapishwa mwaka 2017 uligundua kwamba katika nchi 18, zenye karibu nusu ya watu wa dunia, mgonjwa huonana na daktari kwa dakika tano au pungufu. Kwa hiyo Magarini haiko peke yake. Lakini dakika tano za mtu aliyetembea tangu alfajiri kutoka bomani kwake ni chache, na anayezitoa anajua hivyo.

Halafu kuna rufaa. Mama akikwama katika uchungu, ambulensi inampeleka hospitali ya kaunti ndogo ya Malindi, na muuguzi lazima amsindikize. Barabara ni ya vumbi, mvua zikinyesha ni ya tope, na mto Sabaki ukifurika, kama ulivyofurika mwaka 2018 na tena katika mvua za El Niño mwishoni mwa 2023, kuna vijiji vinavyokatika kabisa. Tuseme safari ya kwenda, kumkabidhi mgonjwa na kurudi ni saa tano, na ziko rufaa nne kwa mwezi. Kwa mwaka ni saa 240. Hizo ni sawasawa na likizo nzima ya muuguzi mmoja, na zote zimetolewa kwenye zile saa 3,328 ambazo tayari hazikutosha. Wakati ambulensi iko njiani, kituo ama kina mtu mmoja, ama kina kufuli.

Sensa ya 2019 iliihesabu kaunti ndogo ya Magarini watu 191,610, katika Kilifi yenye watu 1,453,787. Kipimo kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016, cha nchi inayotaka kufikia malengo ya maendeleo, ni madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000. Kwa Magarini peke yake hicho ni watu 853. Kipimo cha zamani cha mwaka 2006, cha 23 kwa kila watu 10,000, kingedai 441. Mtu yeyote aliyewahi kuzunguka kutoka viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni hadi malisho ya ndani kule Adu hahitaji takwimu nyingine kujua umbali uliopo kati ya namba hizo na anachokiona.

Nyumba za watumishi, maji na umeme nitavipitia haraka, ingawa kila kimoja kingestahili makala yake. Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalikadiria mwaka 2022 kwamba nusu ya vituo vya afya duniani havina huduma za msingi za usafi: maji na sabuni, au dawa ya kusugua mikono, mahali mgonjwa anapohudumiwa na chooni. Kwa mhudumu hili ni la mwili wake pia. Sindano ikimchoma baada ya kumdunga mgonjwa, hatari ya kuambukizwa virusi vya ukimwi ni kama asilimia 0.3, ya homa ya ini aina ya B, kwa asiyechanjwa, ni asilimia 6 hadi 30. Chanjo ya homa hiyo ni dozi tatu. Dawa za kinga dhidi ya ukimwi zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Mtu aliyechoka hujichoma kwa urahisi zaidi, na aliye peke yake kituoni hana wa kumshughulikia akijichoma.

Kuna mzigo ambao hakuna rejista yake. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa katika msitu wa Shakahola. Zaidi ya miili 400 ilitolewa humo, ikiwemo ya watoto wengi. Chumba cha maiti cha hospitali ya Malindi ndicho kilichoipokea, na wodi za huko ndizo zilizowapokea walionusurika wakiwa mifupa na ngozi. Taifa liliwalilia waliokufa, na ilistahili. Wale walioipokea miili, kuipanga, kuiandikia namba, kuwaongoza jamaa waliokuja kutafuta ndugu zao, walirudi nyumbani jioni Barani, Maweni na Kisumu Ndogo, wakala na watoto wao, wakaamka kesho yake kuendelea. Miezi ilipita hivyo. Kaunti inapopanga bajeti ya mafuta ya ambulensi huitengea mstari wake. Ushauri nasaha kwa mhudumu wa aina hii unastahili nao mstari wake, wenye kiasi na jina la ofisa anayewajibika.

Kuhusu uchovu wa namna hii Shirika la Afya Duniani lilishatoa maelezo. Mwaka 2019 liliuingiza katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa kama hali inayotokana na kazi, yenye sura tatu: nguvu zinakwisha, moyo unajitenga na kazi, na mtu anahisi hafanyi la maana tena. Hiyo sura ya pili ndiyo mgonjwa anayokutana nayo. Utafiti uliofanywa nchini Kenya chini ya mradi wa Heshima na kuchapishwa 2015 ulikuta mwanamke mmoja kati ya kila watano akisema alidhalilishwa kwa namna fulani alipokuwa akijifungua. Kumfokea mama aliye kwenye uchungu hakuna udhuru, na uchovu haukigeuzi kitendo hicho kuwa halali. Lakini anayetaka kikome hatakikomesha kwa bango la "Mteja ni Mfalme" ukutani huku anayelisoma amekesha usiku wa tatu.

Uhusiano kati ya idadi ya wauguzi na uhai wa wagonjwa umepimwa vizuri. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha uchunguzi wa hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30, na asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi mwenyewe kuchoka kupita kiasi. Katika utafiti wa mwaka 2014 wa nchi tisa za Ulaya na wagonjwa zaidi ya 420,000, ile asilimia 7 ilijirudia. Zile za Pennsylvania zilikuwa hospitali ambazo muuguzi alikuwa na wagonjwa wanne, sita au wanane. Humo hakuna aliyepima wauguzi wawili kwa kituo kizima.

Sasa fedha. Huduma za afya zilihamia kaunti mwaka 2013, na Kilifi ni miongoni mwa mahali ambapo uhamisho huo ulifuatiliwa kwa karibu, kwa sababu taasisi ya utafiti ya KEMRI-Wellcome Trust imekuwa mjini Kilifi tangu 1989. Benjamin Tsofa na wenzake waliandika mwaka 2017 kwamba mambo yalihamishwa kwa haraka mno: mishahara ilichelewa, wanasiasa wakaingilia ajira na uhamisho, ingawa kwa upande wa dawa kaunti ilianza kupata kile ilichoagiza kwa ukamilifu zaidi kuliko awali. Mshahara ukichelewa, mtumishi wa bara huumia mara mbili. Sheria inataka makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na wengi wamefika hapo hapo kwa mkopo wa benki na wa SACCO. Mwezi ukipita bila malipo, riba haisimami, mwenye nyumba hasimami, na nauli ya kurudi kituoni inakopwa.

Ajira ya mkataba nayo inachosha. Wahudumu zaidi ya 7,000 walioajiriwa mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote walikaa miaka mitano kwa mikataba, wakilipwa pungufu ya wenzao wanaofanya nao kazi ile ile chumba kile kile, hadi mwaka 2025 walipopiga kambi nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya, Nairobi. Muuguzi asiyejua kama mwezi wa saba atakuwa na kazi hapangi kuhamishia watoto wake shule ya kijiji.

Matokeo ya yote haya huonekana kwenye migomo, ambayo ndiyo hasara anayoiona kila mtu. Madaktari waligoma siku 100, Desemba 2016 hadi Machi 2017. Wauguzi wakafuata Juni mwaka huo, karibu miezi mitano. Madaktari tena mwaka 2024, siku 56. Watafiti wa Kilifi walipitia eneo wanalolifuatilia nyumba kwa nyumba kuzunguka mji wa Kilifi, kuanzia 2010 hadi Novemba 2016, wakahesabu migomo sita na siku 128 za mgomo. Ni kama siku moja katika kila siku 20. Vifo kwa jumla havikuongezeka katika siku hizo, jambo lililowashangaza wengi, lakini kwa watoto wa mwaka mmoja hadi minne vilionekana kupanda kwa mara 1.75. Naomba matokeo ya kwanza yasichukuliwe kama ruhusa ya kuendelea kugomeana. Eneo lile lina hospitali kubwa, watafiti, na barabara ya lami. Adu iko nje ya mipaka yake, na mtu wa Adu akikuta mlango umefungwa, mlango unaofuata uko mbali.

Wanaoziba mapengo haya leo ni wahudumu wa afya ya jamii. Zaidi ya 100,000 walipewa mikoba ya vifaa Septemba 2023, kwa posho ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Sera inampa kila mmoja kaya kama 100. Hiyo ni Sh50 kwa kaya kwa mwezi. Mahali ambapo maboma ya Wagiriama yametawanyika, na kutoka boma moja hadi jingine ni mwendo wa jua kali, Sh50 hazilipi hata bodaboda ya kwenda. Anayekwenda anakwenda kwa mguu na kwa moyo wake.

Ingegharimu kiasi gani kuwaongezea wale wauguzi wawili wenzao watatu, ili kituo kikaribie kuwa na mtu saa zote 8,760 bila mtu kuvunjika? Tuchukue Sh80,000 kwa mwezi kwa kila mmoja, mshahara pamoja na marupurupu, kama kipimo cha hesabu. Kwa mwaka ni Sh960,000. Watatu ni Sh2.88 milioni. Ili Kilifi ifanye hivyo kwa vituo 100 vya aina hii, ingehitaji wauguzi 300 na Sh288 milioni kwa mwaka.

Weka kiasi hicho kando ya mfuko wenyewe. Mgao wa Kilifi kutoka hazina ya taifa katika mwaka wa fedha wa 2021/22 ulikuwa karibu Sh11.6 bilioni. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kwa mgao huo pekee ni takriban Sh4.1 bilioni kwa watumishi wote, kuanzia walimu wa chekechea hadi maofisa wa mifugo. Sh288 milioni ni asilimia 7 ya dari hiyo. Si fedha ndogo, na waziri wa fedha wa kaunti akisema zinabana, hasemi uongo. Lakini ni asilimia 2.5 ya mgao mzima. Kiasi hicho kinaweza kujadiliwa na watu wazima mezani kikatengwa kwa awamu, vituo 25 kwa mwaka, kuanzia vilivyo mbali zaidi na lami.

Kutoajiri nako kuna gharama. Mwaka 2006 Joses Kirigia na wenzake walikadiria kwamba kumsomesha muuguzi mmoja wa Kenya, kuanzia shule ya msingi hadi chuo, kunagharimu dola 43,180. Kwa Sh130 kwa dola ni Sh5.6 milioni. Muuguzi huyo akichoka akaenda Uingereza, ambayo ilisaini mkataba wa kuajiri na Kenya mwaka 2021, au akaenda Ghuba, fedha hizo zinaondoka naye. Zingemlipa muuguzi wa Magarini karibu miaka sita. Na wa kuajiriwa wapo: maelfu ya waliohitimu nchini hawana kazi, wakiwemo vijana wa pwani waliosomea chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, Kilifi, na Chuo Kikuu cha Pwani, wanaojua Kigiriama cha kumtuliza bibi asiyejua Kiswahili cha mjini.

Si kila kitu kinasubiri Sh288 milioni. Sheria ya fedha za uboreshaji wa vituo ya 2023 inaruhusu kituo kubaki na mapato yake na kuyatumia, kwa hiyo taa ya sola, tangi la maji na godoro la chumba cha zamu havihitaji tena kusafiri hadi Kilifi mjini kuombewa idhini ya senti. Mkuu wa afya wa kaunti ndogo anaweza kupanga likizo za vituo vinne jirani zisigongane, na kuwa na wauguzi wawili wa kuzunguka wanaoshika zamu za walio likizoni. Wawili hao wanatoa saa 3,328 kwa mwaka. Wauguzi wanane wa vituo vile vinne wanahitaji saa 1,920 za likizo. Zinatosha, na zinabaki 1,408 za rufaa na uzazi wa usiku. Gharama yake ni Sh1.92 milioni kwa mwaka.

Kila mwaka, kufikia tarehe 28 Februari, kaunti hupeleka kwenye bunge la kaunti mkakati wake wa fedha, na kufikia tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti. Katikati yake kuna mikutano ya wananchi katika kila wadi. Huko Adu wananchi katika mikutano hiyo kwa kawaida huuliza kuhusu barabara, visima na basari. Ofisi ya afya ije na ukurasa mmoja: jina la kila kituo cha wadi, idadi ya wauguzi, saa wanazozitoa kwa mwaka, na saa zinazobaki tupu kati ya 8,760. Kwa kituo chetu cha mfano mstari huo ungesomeka hivi: wauguzi 2, saa 3,328, pengo 5,432.